Baraza la Hedifoni Garsen

Garsen haina uhaba wa mikutano. Kuna baraza la chifu, kikao cha maji, mkutano wa wafugaji na wakulima juu ya malisho, harusi na kampeni, na yote hiyo ina desturi moja: mmoja anasema, umati unasikia kitu kilekile kwa wakati mmoja. Mkutano unaozungumziwa leo umeipindua desturi hiyo. Watu wanaitana, wanazunguka meza moja, na hakuna anayehutubu. Kila mmoja amefunika masikio, anasikia wimbo ambao aliye ubavuni mwake hausikii, na baada ya dakika chache anavua, anampa mwenzake, kisha anamtazama usoni aone kama atakunja kipaji au atatabasamu. Huo ndio mkutano wa wapenzi wa hedifoni.

New York, London na Singapore hufanya maonyesho makubwa ya aina hii, yaitwayo CanJam, ambako watengenezaji wenyewe hukodi meza. Lakini ule mkutano mdogo, wa watu kumi au ishirini sebuleni au darasani, ndio unaofaa kufikiriwa katika kaunti hii ya Tana River. Kila mtu huja na chake na kuonja cha mwenzake. Faida yake ni ya wazi kabisa kwa mnunuzi wa mji mdogo: iyafoni huuzwa imefungwa ndani ya plastiki, na muuzaji hapendi ifunguliwe kabla pesa hazijatoka mfukoni. Mtu hununua rangi ya boksi na maneno yaliyoandikwa juu yake. Sauti huijua akifika nyumbani.

Hofu kwamba kifaa hiki humtenga mtu na wenzake ni ya zamani kuliko simu za mkononi. Kampuni ya Sony ilipotoa Walkman ya kwanza Japani, tarehe 1 Julai 1979, iliipa matundu mawili ya hedifoni na kitufe cha rangi ya machungwa. Kitufe kile kilipobonyezwa muziki ulishuka, na maikrofoni ndogo iliwawezesha wasikilizaji wawili kusemezana. Akio Morita, mwenyekiti wa Sony, aliona ni utovu wa adabu mtu kujifungia na muziki peke yake mbele ya mwenzake. Wanunuzi hawakuona hivyo. Kitufe kikaondolewa katika matoleo ya baadaye, na dunia ikazoea kumwona mtu ndani ya basi akitikisa kichwa kwa wimbo usiosikika. Mkutano wa hedifoni, ukiutazama vizuri, unamrudishia Morita lile tundu la pili.

Afrika Mashariki nayo ina historia yake ya watu kukusanyika kwa ajili ya kusikiliza tu, na si historia ndogo. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio. Kwa majuma 12 vikundi vilikutana vijijini, vikasikiliza kipindi, vikasoma kitabu, vikajadili, kisha vikatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Takriban watu milioni 2 walishiriki. Jambo la kuangaliwa hapo ni kazi iliyotangulia kipindi cha kwanza: viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kwanza, na vitabu vikachapwa kabla mtu yeyote hajawasha redio. Waliopanga walijua kwamba kikundi kisichoandaliwa husikiliza dakika tano, kisha hugeuka kuwa kijiwe cha soga. Mwandalizi wa Garsen mwenye meza moja na hedifoni kumi ana tatizo lilelile, kwa udogo wake.

Kwa hiyo aanze na mahali.

Garsen ni mji wa njia panda. Minjila, hapo jirani, ndipo barabara ya kwenda Hola na Garissa huachana na ile itokayo Malindi kuelekea Lamu, na malori, mabasi, tuktuk na bodaboda havinyamazi. Hedifoni zenye mgongo wazi, zile ambazo mashabiki wengi huzisifia kwa upana wa sauti, huingiza kelele za nje kama zinavyotoa muziki uliomo. Sennheiser ndiyo iliyozifanya zipendwe ilipotoa HD 414 mwaka 1968, na hadi leo zinapendeza sana katika chumba kimya. Kando ya steji ya magari hazina maana yoyote. Huko zinahitajika zilizofungwa, zinazobana sikio lote, mfano wa Sony MDR-7506 ambayo tangu 1991 imekuwa ikionekana kwenye studio za redio na za kurekodia. Tatizo lake ni jasho. Joto la delta ya Tana halina huruma, na ngozi bandia ya sponji ikilowa kwa jasho la watu kumi mfululizo huanza kubanduka vipande vipande.

Chumba kizuri basi ndicho kifaa cha thamani kuliko vyote, na hakinunuliwi Luthuli Avenue, Nairobi. Darasa la shule siku ya Jumamosi linafaa. Ukumbi wa makuti unafaa zaidi. Mabati hulia jua linapopanda, hulia linaposhuka, na mvua ikinyesha mkutano umekwisha. Makuti humeza mvua na humeza joto. Mwenye uwezo wa kuchagua angetoka mjini kabisa, aende Ngao, kijiji cha ukingoni mwa mto ambako wamisheni wa Kijerumani wa Neukirchen walijenga kituo mwaka 1887, au kijiji kingine ambacho pikipiki hupita moja moja. Lipo pia swali la feni. Ikiwashwa inavuma ndani ya kila hedifoni iliyo wazi. Ikizimwa watu wanatokwa jasho na kutaka kwenda nje. Jibu la busara ni kuiwasha watu wanapobadilishana vifaa na kuizima wanaposikiliza, na kumteua mtu mmoja wa kusimamia swichi. Kazi hiyo itaonekana ya kitoto hadi siku yenyewe.

Sauti ya adhana haizuiwi wala haipaswi kushindaniwa. Ratiba ipangwe ipishe swala: kikao cha kwanza asubuhi, mapumziko kabla ya adhuhuri, kikao cha pili baada ya watu kurudi na kula. Jumapili asubuhi nayo si ya kuwaitia watu wa kanisani mambo ya hedifoni.

Umeme una tabia yake. Njia ya kilovolti 220 itokayo Rabai kupitia Malindi na Garsen hadi Lamu ilibadilisha mambo katika ukanda huu, lakini kukatika hakujakoma. Hapa, hata hivyo, mwandalizi anaweza kugeuza hasara kuwa faida. Vifaa vya kusikilizia vikitumia betri hukaa kimya kuliko vikichomekwa ukutani. Chaja ya bei rahisi isiyo na waya wa ardhi huleta mvumo wa chini usiokoma, na hedifoni nzuri ndiyo inayoufichua. Jenereta ndiyo mbaya kuliko yote: inatoa umeme, na inatoa ngurumo. Heri pawabanki tatu zilizojaa tangu usiku. Na simu zote zinazochezea muziki ziwekwe katika hali ya ndege, kwa sababu hakuna kinachoharibu gambusi ya mwanataarabu Zein l'Abidin kama mlio wa ujumbe kwamba bando linakaribia kuisha.

Kuhusu simu zenyewe, Garsen ina bahati ambayo matajiri wameipoteza. Apple iliondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, na kampuni nyingi za simu ghali zikafuata mkumbo. Simu nyingi za bei nafuu, zikiwemo za Tecno na itel ambazo ndizo zimejaa madukani, ziliendelea kuwa na tundu la milimita 3.5. Kabambe nayo, simu ya vibonyezo, hutumia waya wa iyafoni kama erio ya redio ya FM. Bila waya kuchomekwa, stesheni za mbali hazikamatiki. Kwa hiyo kuna wazee wengi wa vijiji vya delta ambao wamekuwa watumiaji wa hedifoni kwa miaka bila mtu kuwaita mashabiki. Waalikwe. Wana masikio yaliyozoea kutafuta neno ndani ya mkwaruzo, na ujuzi huo hauuzwi pamoja na kifaa.

Wenye simu zisizo na tundu waje na adapta waliyoijaribu nyumbani. Adapta za waya zinafanana kwa sura, lakini zipo zenye kigeuzi cha sauti ndani na zipo tupu, na iliyo tupu hukubali simu hii ikaikataa ile. Anayetarajia kuiazima mkutanoni atakaa akiwatazama wenzake.

Zisizo na waya zina vurugu yake. Mtu akiweka mezani jozi kumi za iyafoni za Bluetooth za kampuni moja, simu zote zitaonyesha orodha ya majina yanayofanana, na muziki wa huyu utaingia sikioni mwa yule. Kila jozi iunganishwe na simu yake siku moja kabla, ibandikwe kipande cha plasta chenye namba, na simu yake ibandikwe namba hiyohiyo. Ni kazi ya nusu saa inayookoa asubuhi nzima.

Baada ya hapo linakuja suala ambalo mashabiki hulijadili hadi usiku: nguvu. Hedifoni hutofautiana kwa ukinzani wa umeme, unaopimwa kwa omu, na kwa wepesi wa kugeuza umeme huo kuwa sauti. Koss Porta Pro, kijihedifoni chepesi chenye sponji kilichotoka mwaka 1984, kina omu 60 na huimba vizuri kwa simu ya kawaida. Sennheiser HD 600 ina omu 300; ukiichomeka kwenye simu hiyohiyo muziki huja mdogo na mkavu, na mgeni ataondoka akisema vitu ghali ni ulaghai. Siyo ulaghai, ni kiu ya amplifaya. Mtu akileta kifaa cha namna hiyo, alete na amplifaya yake ndogo ya betri, la sivyo akiache nyumbani. Kisichofanya kazi kama inavyotakiwa hakimfundishi mtu kitu mezani.

Lakini mtego mkubwa zaidi hauko kwenye omu, uko kwenye kiasi cha sauti. Sikio la binadamu, likipewa wimbo uleule mara mbili, huuona ule wenye sauti ya juu kidogo kuwa ndio mzuri zaidi, hata kama tofauti ni ndogo kiasi kwamba msikilizaji haitambui kuwa ni tofauti ya sauti. Atasema besi imejaa, atasema mwimbaji yuko karibu. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha tangu 1933 kwamba sauti ikishuka, sikio hupoteza toni za chini kwanza. Kwa hiyo kulinganisha hedifoni mbili bila kusawazisha sauti ni kupiga kura baada ya mmoja wa wagombea kupewa kipaza sauti. Nchi zenye maabara hutumia kichwa bandia chenye maikrofoni masikioni. Garsen inaweza kutumia njia ya subira: mtu mmoja mwenye masikio matulivu apange sauti ya kila kifaa kwa wimbo mmoja wa mwanamke anayeimba taratibu, aandike alama kwenye karatasi, na wasikilizaji wakatazwe kugusa kitufe katika duru ya kwanza. Baadaye waongeze wapendavyo.

Jambo la pili la uadilifu ni kuficha majina. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 vilivyoonyesha kwamba bei haikuwa na uhusiano wowote wa maana na jinsi kifaa kilivyotoa toni za chini, za kati na za juu. Habari hiyo haikuwafurahisha wauzaji. Mkutano wa Garsen unaweza kuijaribu kwa kitambaa: msikilizaji afumbwe macho, mwenzake amvike vifaa vitatu kimoja baada ya kingine, naye ataje kimoja tu alichokipenda. Hapana shaka mikono itahisi uzito wa plastiki na wa chuma, na ngozi itajua sponji laini ni ipi, kwa hiyo jaribio halitakuwa safi kama la maabara. Lakini litatosha kumtia mtu wasiwasi wenye afya kabla hajapeleka mshahara wake wa mwezi Nairobi.

Mavazi nayo yaingie kwenye hesabu mapema. Hedifoni kubwa ikivaliwa juu ya hijabu hupoteza toni za juu, kwa kuwa kitambaa huzimeza, na besi huvuja pembeni. Miwani nayo huvujisha besi. Kofia ya kito ikishuka masikioni, na misuko minene pia. Kwa hiyo meza iwe na iyafoni za kuingia sikioni ambazo mwanamke atazivaa chini ya mtandio bila kuufungua mbele ya watu, na ikiwezekana kuwe na pembe yenye pazia kwa atakayetaka kujaribu zile kubwa. Mkutano ambao haukufikiria hili utajaa wavulana, kisha waandalizi watashangaa kwa nini dada zao hawapendi muziki.

Na usafi, suala lisilo na mvuto lakini lisilosamehe. Nta ya masikio, jasho na vumbi la Garsen vikikutana kwenye kizibo kimoja cha mpira, maambukizi yako njiani. Vizibo vya mpira viwe vingi, kila mgeni apewe vyake aondoke navyo au vioshwe kwa sabuni na kufutwa kwa spiriti. Sponji za nje zifunikwe kwa kitambaa chepesi cha pamba kinachobadilishwa. Mwenye sikio linalouma au kutoa usaha aambiwe kwa upole kwamba leo atakuwa mtazamaji na wiki hii aende kituo cha afya.

Hayo yote ni maandalizi ya vyombo. Kitakachoamua kama mkutano una maana ni orodha ya nyimbo, na hapa ndipo waandalizi wengi duniani hukosea: hupakua nyimbo zilezile za majaribio za Wamarekani na Waingereza, zinazopigwa katika kila maonyesho, na mgeni anaulizwa kama anasikia upatu fulani ambao hajawahi kuuona kwa macho. Sikio hupima vizuri kile linachokijua. Mtu aliyekulia Tana anajua mlio wa ngoma ya mwaribe ulivyo uwanjani, anajua sauti ya mama akibembeleza, anajua injini ya pampu ya shamba ikiwa mbali. Hivyo ndivyo vya kumpa.

Tena bonde hili la Tana lina dai ambalo kaunti nyingine haina. Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, tume ya wanamuziki watano ilipewa kazi ya kutunga wimbo wa taifa: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Lahani waliyoichagua ilitoka kwenye wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo, Bee Mdondo Bee, na jina linalotajwa kila mara pamoja na chanzo hicho ni la Meza Moroa Galana wa Tana River. Kila Mkenya husimama kwa lahani ambayo akina mama wa ukingo huu waliitumia kulaza watoto. Swali dogo la itifaki: wimbo wa taifa ukiwekwa kwenye hedifoni kumi, zikianza kwa dakika tofauti, nani asimame na nani akae? Busara ni kuweka ule wa kubembelezea, uliorekodiwa na bibi wa hapohapo kwa simu, ndani ya nyumba ya udongo isiyo na mwangwi. Sauti moja ya mtu, bila ala, ndiyo mtihani mgumu kuliko yote kwa hedifoni, kwa kuwa hakuna mwanadamu asiyejua sauti ya mwanadamu inavyopaswa kuwa.

Kwa toni za chini, ngoma. Iyafoni isiyoziba sikio sawasawa hupoteza kabisa mapigo mazito, na msikilizaji hubaki na makofi na manyanga. Ngoma ya harusi ya Kipokomo iliyorekodiwa uwanjani itafichua tundu hilo kwa sekunde chache. Ile ngoma kuu haitakuwemo. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo, ambayo inasimuliwa kuwa ngurumo yake ilifika mbali sana bondeni, ilichukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902, na tangu 1908 imo katika hifadhi ya British Museum, London. Viongozi wa jamii wameomba irudishwe. Mwandalizi asiweke ngoma nyingine akaiita kwa jina hilo. Wazee watakuwepo, na hawatacheka.

Taarabu ya Mombasa haina budi kuwemo. Zein l'Abidin, mzaliwa wa Lamu, alirekodi na kikundi chake mwishoni mwa miaka ya 1980 rekodi ambazo kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilizitoa mwaka 1990 kwa jina la Mtindo wa Mombasa. Humo mna gambusi na mna tashkota, kinanda cha nyuzi na vibonyezo kilichobuniwa Nagoya, Japani, mwaka 1912 na kikavuka bahari hadi Pwani. Tashkota inachoma. Hedifoni yenye toni za juu zilizozidi itaigeuza kuwa msumari, na nzuri itaiacha iwe kali bila kuumiza. Mwimbaji Juma Bhalo awepo kwa ajili ya maneno: kama msikilizaji hashiki kila silabi ya Bhalo, kifaa kirudi kwenye boksi. Siti binti Saad wa Zanzibar, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, ana faida nyingine, kwani sahani zile za zamani zimejaa mkwaruzo, na ni jambo la kufundisha kuona ni hedifoni ipi inamtoa Siti mbele na ipi inautoa mkwaruzo.

Waorma na Wardei wasiwe wageni katika orodha. Nyimbo za wafugaji, kwa lugha ya ukoo wa Kioromo, mara nyingi ni sauti za wanaume bila ala, zikiitikiana, na zinapima nafasi: nani yuko kushoto, nani yuko nyuma. Wajaluo wavuvi wa Ozi na Kipini walete nyatiti. Waandalizi wanajua vyema kaunti yao ilipitia nini katika mapigano kati ya wakulima na wafugaji mwaka 2012 na 2013. Hawahitaji hotuba juu ya jambo hilo, wanahitaji orodha isiyoegemea upande.

Nyingi kati ya sauti hizi haziko kwenye intaneti. Ziko kwenye kaseti, ndani ya masanduku ya bati, chini ya vitanda. Kaseti ilitolewa na Philips mwaka 1963 huohuo wa wimbo wa taifa, na unyevu wa delta haukuitakia mema. Kuzihamisha ni kazi ya majuma kabla ya mkutano, na ina taratibu zake: kanda izungushwe mbele hadi mwisho na kurudi kabla ya kuchezwa, kichwa cha redio kisafishwe kwa pamba na spiriti kila baada ya kaseti, yenye ukungu isiingizwe kabisa kwenye mashine inayotumika kwa nyingine. Waya utoke kwenye tundu la hedifoni la redio kaseti hadi kwenye kompyuta, si simu kushikiliwa mbele ya spika. Faili lihifadhiwe kubwa kwanza. Kulifinya kwa ajili ya kurushiana kwa WhatsApp kuje mwisho. Na jina la mwimbaji, kijiji na mwaka viandikwe siku hiyohiyo, wakati mwenye kaseti bado yupo kusema.

Kazi hiyo ina mfano hai nchini. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kikipsigi kule Kapkatet wakiimba Chemirocha, wimbo uliozaliwa baada ya sahani za Mmarekani Jimmie Rodgers kufika kwao kwa gramafoni. Rekodi zikaenda Afrika Kusini, kwenye hifadhi ya muziki aliyoianzisha Tracey mwaka 1954. Zaidi ya miaka 60 baadaye hifadhi hiyo ilizirudisha, na wazee wa kule wakasikia tena muziki wa ujana wao. Hakuna aliyejali kifaa kilikuwa cha kampuni gani.

Ukomo wa sauti uandikwe ukutani. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma kwa mtu mzima, na kila nyongeza ya desibeli 3 hukata muda huo nusu. Sauti ikifika desibeli 100, dakika 20 zinamaliza posho ya juma zima, na vijana waliofika kwa matatu yenye spika chini ya viti huenda waliitumia yao kabla ya kushuka. Kila msikilizaji apumzike dakika kumi kwa kila saa. Hapo ndipo kahawa chungu, mahamri na ubishi hupata nafasi.

Imebaki tarehe. Masika ya Aprili na Mei hayafai, na vuli inaweza kusaliti: mafuriko ya Novemba 2023 yalikata barabara ya Garsen na Lamu, na yale ya Aprili na Mei 2024 yakafurisha Tana tena, mabwawa ya juu yakiwa yamefurika. Januari hadi Machi njia ni kavu lakini chumba ni tanuri. Julai na Agosti upepo wa kusi hupoza, shule hufungwa Agosti na madarasa huwa matupu. Jumamosi ya Agosti, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi, itawawezesha wa Hola kurudi kwao kabla ya giza na wa Malindi kuwahi gari la jioni. Barua ya kuomba darasa iende kwa mwalimu mkuu kabla shule haijafungwa, kwa sababu akishasafiri, ufunguo husafiri naye.